Besi Isiyokoroma

Kama una besi ya sakafuni nyumbani kwako, izime kwanza, ndipo usome. Sisemi uitupe. Mimi mwenyewe ninayo mpaka leo, na haya sitayaeleza kama mtu aliyeichukia. Niliipenda mno, na hapo ndipo ubaya ulipoingilia.

Ilikuja kwetu Jumatatu asubuhi ndani ya toroli. Aliyeitengeneza ni shemeji yangu Yoeli, mdogo wake mume wangu, aliyehangaika nayo miaka sita kwenye karakana yake nyuma ya soko. Nilitegemea kabati la spika, refu kama mlango. Akatoa sahani ya chuma, upana wake kama kikaango cha chapati, na boliti nne.

"Spika yenyewe iko wapi?" nikauliza.

"Unaishi ndani yake, shemeji." Akagonga sakafu kwa kisigino. "Nyumba hii ndiyo spika."

Huku kwetu Chigongwe Mpya nyumba hazikujengwa, zilimiminwa. Mashine ilikuja na mkono wake mrefu, ikamimina udongo tabaka juu ya tabaka, nyumba sita zimeungana kama mabehewa ya treni. Msingi mmoja. Ukuta wangu ndio ukuta wa jirani. Mtu akidondosha mwiko nyumba ya kwanza, nyumba ya sita wanajua ugali unasongwa. Ndiyo maana tuliwekewa Sikio la Mtaa, ule mlingoti wenye kikombe juu. Ukizidisha kelele linakutaja mbele za watu mpaka unyamaze. Mimi lilishanitaja mara mbili kwa sababu ya kutwanga tu.

"Na Sikio je?" nikamuuliza Yoeli.

"Sikio linasikiliza hewa. Hii yangu haipiti hewani, inapita chini."

Binti yangu Nyemo alikuwa jikoni anachambua mlenda, mgongo ametugeuzia, hajui hata kama baba yake mdogo amefika. Nyemo ana miaka kumi na sita na hasikii. Homa ya uti wa mgongo ilimchukulia masikio akiwa na miaka minne, na vile vidude vya kichwani wanavyowekewa watoto vilimkataa mara mbili. Tunaongea naye kwa mikono.

Niliweka kikombe cha maji sakafuni. Yoeli akagusa simu yake.

Sikusikia kitu. Naapa, sikusikia kitu kabisa. Halafu mapaja yangu yakajua.

Kwa asiyefahamu: kwetu Wagogo muheme ni ngoma ya wanawake. Unaibana katikati ya mapaja, unaipiga kwa viganja, na kabla haijafika masikioni mwa mtu yeyote imeshapita mwilini mwako. Niliipiga tangu nina miaka tisa. Nikaiacha Nyemo alipougua, maana niliona aibu kumpigia ngoma mtoto asiyesikia. Sasa ile besi ilipanda kutoka kwenye nyayo, ikapita magotini, ikafika palepale ngoma ilipokuwa ikikaa, ikatulia tumboni kama mtu aliyerudi kwao. Nzito! Laini! Hakuna dirisha lililolia, hakuna kijiko kilichogongana na kijiko. Maji kwenye kikombe yalijichora duara ndani ya duara, yamenyooka kama yamechorwa kwa bikari.

Jikoni bakuli likaanguka.

Nyemo alisimama mlangoni, majani ya mlenda mkononi, macho yamemtoka. Akavua ndala. Akagusa sakafu kwa unyayo mmoja, akautoa haraka kama mtu anayejaribu maji ya moto, kisha akaweka nyayo zote mbili.

"Nini hii?" mikono yake iliuliza.

"Ngoma," nikamjibu.

Miaka kumi na miwili nilikuwa nikimwonyesha neno hilo, kumbe nilikuwa namwonyesha viganja vitupu. Siku hiyo ndipo alipolipata. Mabega yakaanza yenyewe, yale mabega yetu ya kurusha mpaka shanga zipige kidevu, na hakuna aliyekuwa amemfundisha. Alikuwa juu ya pigo. Juu yake kabisa, wala hakuyumba! Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka.

Na Sikio, ambalo halikusikia besi hata chembe, likasema nje: "Mama Nyemo, nyumba ya tatu, punguza."

*

"Spika ya kawaida ni mtoto mwongo," Yoeli alinieleza baadaye tukinywa chai. "Unamtuma neno moja, anaongeza mawili yake. Unaiomba mitetemo thelathini kwa sekunde, inakupa thelathini, halafu inakupa na sitini na tisini ambazo hukuziomba. Huo ndio mkoromo. Mimi nimeweka akili ndogo chini ya sahani. Inaitazama sahani mara elfu kumi kila sekunde, ikipotoka hata upana wa unywele inairudisha. Unaomba thelathini, unapewa thelathini. Safi."

"Na ikizidiwa?"

"Haizidiwi."

"Kila ngoma huzidiwa, Yoeli."

"Basi hii siyo ngoma, shemeji." Akacheka, akajiongezea sukari.

Nilipaswa kusimama hapo. Sikusimama, na nitakueleza kwa nini. Sisi wapiga ngoma hatuna kipimo kingine zaidi ya sikio. Ngozi ikianza kukwaruza unajua imechoka, unapunguza mkono, unairudisha kwenye moto. Redio nayo ni hivyohivyo: ikikoroma, mwisho wake ndio huo, unarudisha nyuma. Tangu nizaliwe mkoromo ndio ulioniambia basi. Kwa hiyo kila asubuhi Nyemo alipoweka kidole kwenye simu na kunitazama, "Niongeze?", mimi niliinamisha kichwa kama fundi, nikasikiliza, nikamwambia: "Haijakoroma. Ongeza."

Jumanne tulikuwa kwenye nne. Jumatano sita. Ijumaa tisa. Nilikuwa namsubiri mgeni ambaye Yoeli alishamfungia nje.

Mazoezi yenyewe yalikuwa na sababu. Jumapili ilikuwa sikukuu ya mavuno, na kina mama wa kikundi cha ngoma walipomwona Nyemo akicheza uani walikubali aongoze muheme. Aongoze! Yoeli angeifunga sahani chini ya jukwaa ili mtoto awasikie wenzake kwa miguu. Nyemo alilala na ngoma kitandani wiki nzima.

Mwingine aliyefurahi ni Bibi Maligana wa nyumba ya nne, tuliyepakana naye ukuta. Ana miaka themanini na mmoja, na ndiye aliyenifundisha muheme mimi. Kila tulipomaliza wimbo aligonga ukuta kwa fimbo yake mara tatu, ko-ko-ko, na Nyemo aliweka kiganja ukutani ayapokee mapigo hayo.

Ijumaa nilimpelekea mlenda.

"Mbukwenyi, bibi."

"Mbukwenyi, mwanangu. Kaa."

"Ngoma yetu haikusumbui?"

"Inisumbue mimi? Kitanda kinanibembeleza tangu Jumanne. Leo nimeamka nikakuta magoti yanacheza, mwenyewe bado nimelala."

Nikacheka. "Na huyo mlinzi wako anaendeleaje?"

Aliinua mkono. Kwenye kifundo alivaa bangili yenye taa ya kijani, ile ya wazee walioshonewa kisaidia-moyo, kidude kisichozidi punje ya karanga. "Huyu? Huyu na marehemu mume wangu ni kitu kimoja. Akiona kazi inafanyika, anakaa kitako. Mpaka moyo usahau ndipo anaamka kuusukuma. Ila wiki hii amezidi kulala. Kijani tu, kutwa nzima. Nadhani mmenirudishia usichana."

Akachota mlenda. Kati ya sahani na mdomo alipumzisha mkono mara mbili. Niliona. Niliona kwa macho yangu haya, nikasema ni uzee, nikaondoka.

*

Jumamosi, saa nne asubuhi. Nyemo amekaa na muheme mapajani, sahani inamletea ngoma za kikundi kutoka kwenye simu, pigo la chini linakwenda sabini na mbili kwa dakika.

"Niongeze?"

Tulikuwa tisa. Mwisho wake kumi na mbili.

Nikainamisha kichwa. "Haijakoroma. Weka yote."

Jamani. Nitasemaje? Niliingia ndani ya ngoma. Meno yalikaa kimya mdomoni lakini mifupa iliyoyashika ilikuwa inaimba. Kifua kikajaa kama cha mtu anayetaka kulia na kucheka, na nikafanya yote mawili. Kikombe kilitembea mezani chenyewe, polepole, bila kugonga, kama kina safari yake. Na hakuna kelele! Nilisikia viganja vya Nyemo na pumzi zake tu. Nje Sikio likatangaza, kama linavyotangaza kila saa: "Mtaa umetulia. Asanteni."

Wimbo ukaisha. Nyemo akaweka kiganja ukutani.

Tukasubiri. Fimbo haikugonga.

Akanitazama, akapandisha mabega, akaanza wimbo tena. Mimi nikatoka.

Mlango wa bibi ulikuwa wazi. Alikuwa kwenye kigoda, ameegemea ukuta, fimbo iko chini. "Bibi?" Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Lakini bangili ilikuwa kijani, inapepesa vizuri, na nilipoweka sikio kifuani nikasikia du, du, du, imara kama ya kijana. Nikasema asante Mungu.

Halafu nikagundua kuwa kigoda nacho kilikuwa kinapiga vilevile. Na ukuta. Na kifua changu mimi.

Nikaweka kidole puani kwake. Hapakuwa na pumzi.

Ile taa ilikuwa inapepesa kwa wimbo wa mwanangu. Kile kidude kilikuwa kinahesabu ngoma yetu na kuiita moyo. Muheme ya kweli ina kofi la kiganja, ina mkwaruzo wa ngozi. Kidude kingejua hiyo ni ngoma. Hii ya Yoeli ilikuwa laini mno, safi mno, haina tofauti na pigo la nyama ndani ya nyama. Kidude kiliona kazi inafanyika, kikakaa kitako.

"Zima!" nikapiga kelele. "Nyemo, zima!"

Nilikuwa namwita nani? Mtoto asiyesikia, upande wa pili wa ukuta, macho ameyafumba kwa raha.

"Mama Nyemo, nyumba ya tatu, punguza," likasema Sikio.

Nikimwachia bibi anaanguka kifudifudi. Nikakokota fimbo kwa mguu, nikaishika, nikaupiga ukuta. Na unajua mikono yangu ilifanya nini? Iliingia kwenye pigo! Miaka yote ile ya kufunzwa na bibi huyuhuyu, mikono ilikataa kukosea. Nilikuwa namgongea mwanangu na yeye upande wa pili anadhani nampongeza. Nikang'ata ulimi, nikauharibu wimbo. Nikapiga kabla ya pigo, nikapiga baada yake, nikakwaruza, nikagonga kama mlevi anayetafuta mlango wake.

Upande wa pili, nyayo zinazojua kila tone la wimbo ule zikasikia uchafu umeingia.

Besi ikakatika.

Taa ikabaki kijani. Ikawa njano. Ikawa nyekundu. Kifua cha bibi kikaruka mikononi mwangu kama mbuzi ndani ya gunia, mara moja, mara ya pili. Akakohoa.

"Nani," akasema, macho hajafungua, "anapiga ovyo namna hiyo?"

*

Fundi wa zahanati alikuja, akasoma bangili. "Asubuhi yote moyo wake umekwenda vizuri ajabu. Sabini na mbili, hakuna pigo lililopotea, ila umeyumba mara moja tu mwishoni. Ni kizunguzungu tu, mama. Umri." Akaondoka kabla sijamweleza lolote.

Yoeli alifika mbio, akaisikia ile sabini na mbili, uso ukambadilika. Akanivuta nje.

"Shemeji, nisikilize. Nipe mpaka Jumatatu. Nitapata dawa yake. Ukisema leo watang'oa sahani zote, na kesho Nyemo hapandi jukwaani."

"Zote ngapi?"

Akatazama viatu vyake.

"Yoeli. Umefunga ngapi?"

"Tisa. Mtaa huu na ng'ambo ya reli."

"Na wenye bangili humo ni wangapi?"

"Sikuuliza."

Nyemo alikuwa amekaa kizingitini, anasoma midomo yetu. Akasimama mbele yangu. "Usiseme," mikono yake iliomba. "Kesho tu. Siku moja, mama. Bibi ni mzima."

Sijawahi kutaka kumpa mtu kitu kama nilivyotaka kumpa mwanangu siku ile moja. Na nani angejua? Bangili imesema ni umri. Sikio limesema mtaa umetulia. Nilishafungua mdomo kusema sawa.

Kisha nikaziona zile nyumba tisa. Jumamosi, watu wako nyumbani. Kila sebule mtu ameinamisha kichwa kama mimi, anasubiri ikorome ndipo apunguze. Na haikoromi. Watakuwa wanafanya nini? Wanaongeza.

Nilimpita mwanangu. Nilikwenda chini ya mlingoti, nikatoa sauti yote ambayo kifua cha mpiga muheme kinayo. "Zimeni besi za sakafuni! Zote!"

"Mama Nyemo, nyumba ya tatu, punguza."

"Sipunguzi! Wenye wazee wa bangili, msitazame taa! Wekeni mkono puani! Ni besi yetu imefanya, na mimi ndiye niliyeongeza!"

Milango ikafunguka. Watu wakacheka kwanza, halafu mmoja akakimbia ndani, halafu wengine. Ng'ambo ya reli walimkuta mzee mmoja, fundi cherehani, amelala juu ya kitambaa alichokuwa anashona, taa yake kijani. Walipozima, taa ikawa nyekundu, akaamka akiuliza nani amemwangushia sindano.

*

Jioni Nyemo hakunipa uso. Aliponipa, alisema sentensi moja: "Kidole kilikuwa changu, lakini wewe ndiye uliyesema ongeza."

Ni kweli.

Bibi Maligana akatuita wote watatu kwake. Amekalia kitanda, shuka mabegani, amekasirika kama mzima.

"Wewe Yoeli. Babu yako alikuwa na ilimba, ile marimba ya kupigwa kwa vidole gumba. Kwenye tundu la kibao alibandika nini?"

"Utando wa buibui, bibi."

"Wa kazi gani?"

Yoeli akakuna kichwa. "Ilimba ikorome."

"Miaka sita umekaa karakanani unabandua kitu ambacho babu yako alikibandika kwa makusudi."

"Lakini bibi, hata nikiutia mkoromo, ile akili itausafisha. Ndiyo kazi yake."

"Inaona mpaka wapi hiyo akili yako?"

"Mwisho wa sahani."

"Basi usiweke kwenye sahani." Akainama chini ya kitanda, akavuta sanduku la bati. Humo mlikuwa na njuga zake za kuchezea, zile kengele ndogo za miguuni, zimeingia kutu. "Zifunge kwenye boliti, huko chini."

Yoeli alizifunga. Tukajaribu kwenye nne, huku nimeshika mkono wa bibi. Besi ikaja, na nyuma yake njuga, kshe, kshe, zinaburuza kila pigo na kulivunjavunja. Bangili ikapepesa njano, kijani, njano. Mlinzi alikuwa macho. Hakudanganyika.

Lakini Nyemo, aliyesimama kwangu miguu mitupu, alikuja mlangoni uso umekunjamana. "Inawasha," alisema. "Mmeichafua." Akarudi, akazing'oa njuga kwa mikono yake, akaja kuzitupa sakafuni kwa bibi. Machozi yalikuwa yanamdondoka. Kilikuwa kitu kisafi pekee alichowahi kupewa na dunia, na sisi tumekimwagia mchanga.

Bibi hakumgombeza. Alimshika kiganja, akakiweka kifuani kwake, chini ya kanga.

Nyemo akafumba macho. Niliona vidole vyake vinahesabu. Vikapiga, vikapiga, vikasimama. Vikasubiri. Kitu fulani kikasukuma, vikapiga tena, kwa kuchelewa. Alikaa hivyo muda ambao ugali ungeiva. Kisha akafungua macho, akaniambia kwa mkono mmoja, maana wa pili hakuutoa:

"Moyo wake unakoroma."

"Anasema nini?" bibi akauliza.

Nikamwambia.

"Mwambie unakoroma tangu zamani, na nimeuchezea."

Nikamwambia. Nyemo alimtazama bibi, akatazama sakafu. Akainama, akaokota njuga moja moja. Alizifunga mwenyewe, boliti zote nne, kwa mafundo mawili mawili, na hakutaka msaada wa Yoeli.

Tukabaki sebuleni kwetu, yeye na mimi. Akabana muheme mapajani, akaweka kidole kwenye simu. Kwenye tano njuga zikaanza kulia kwa nguvu. Akanitazama. "Niongeze?"

Nilitamani. Mungu ananiona, mapaja yangu yalitamani.

"Imekoroma," nikamwambia. "Ishia hapo."

Akapiga. Alipiga na uchafu wake wote, amekunja uso mwanzoni, na katikati ya wimbo nikaona mabega yameanza kujibu njuga, yanajaza pale zilipovunja. Alipomaliza tuliweka viganja ukutani, chake na changu, tukasubiri.

Ko. Ko.

La tatu likachelewa. Tulilisubiri sote wawili, hatupumui, mpaka likaja.